Kinu cha Minza na Konokono wa Baba

Sisi tuliozaliwa Nkololo kabla mashine ya kusaga haijaanza kulia pale senta, tuliamshwa na vinu. Jogoo walikuwepo, lakini jogoo anaweza kuwika hata akiona mbalamwezi. Kinu hakilii bure. Du, du, kutoka kwa Mzee Ngusa jirani yetu; du, du, kutoka kwetu; na wewe umelala kwenye ngozi yako unajua kabisa kwamba pale wanatwanga mtama, kule wanatwanga mahindi, na nyumba ile ya pembeni mama anatwanga hasira za mume wake. Wenzangu mliokuzwa kwa michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, mnanielewa. Wajukuu zetu wao unga wanaujua ukiwa kwenye mfuko wenye picha. Mmoja aliniuliza juzi, "Bibi, kwani mahindi yanakuwaje unga?" Nikamwambia yanaokoka. Akakubali, akaendelea na simu yake.

Baba yetu, Luhende, alikuwa mkulima wa pamba kama watu wote, lakini pamba ikishabebwa na majani yakishakauka, alikuwa fundi wa mashimo. Ndivyo watu walivyomwita, Fundi Mashimo, na yeye alicheka. Hakuwa fundi wa vitanda wala wa milango. Ukitaka nira ya ng'ombe yenye matundu yasiyopasuka, ukitaka gurudumu la matela litobolewe katikati likae sawa, ukitaka kinu, unakwenda kwa Luhende. Tena alipenda mti mgumu. Mti laini, alisema, ni kama mtu anayekubali kila unachomwambia. Kesho hujui utamkuta upande gani.

Wengine walichimba vinu kwa moto na tezo. Wanaweka makaa juu ya gogo, wanapuliza, wanakwangua, wanaweka tena. Kinu kinatoka, sikatai, lakini mdomo unakuwa mpana na chini kumebana, na nafaka zinarukia nje kama panzi. Baba alitaka shimo lishuke wima kama la kisima. Kwa hiyo alikuwa na Konokono.

Konokono ilikuwa keekee ya chuma, ndefu kama mguu wa mtu, ncha yake imesokotwa, na juu yake umepita mpini mnene wa mti ulioshikwa na watu wawili, huyu huku na yule kule. Baba aliirithi kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akiunda matela ya kubebea pamba. Jina alilipata kwa umbo na kwa mwendo. Na sisi hatukusema "ile keekee". Tulisema Konokono amelala, Konokono ana njaa, Konokono leo hataki mtu. Kila kitu kwetu kilikuwa na jina. Hata ng'ombe wetu wawili wa kulima mmoja aliitwa Bwana Shamba, na mwenzake aliitwa Karani kwa sababu alipenda kivuli.

Kazi ilikwenda hivi. Gogo linafukiwa ardhini hadi kiunoni ili lisizunguke. Baba anachora duara juu yake kwa kamba na kipande cha mkaa. Kisha juu ya ule mstari anatoboa tundu moja refu kwenda chini, na jingine ubavuni mwake, na jingine, hadi matundu yanashikana mikono kama watoto wanaocheza duara. Halafu anatoboa na katikati, mpaka gogo linakuwa kama sega la nyuki, ndipo anavunja kuta kwa patasi na kutoa vipande. Ncha ya Konokono ilipakwa mafuta ya ng'ombe isipate moto. Unga wa mti ulipanda juu kidogo kidogo, na sisi watoto tuliugombea. Nkwimba, Kulwa, Doto, Limi na mimi tuliusonga ugali kwenye vipande vya vibuyu, tukajikaribisha wageni, tukasalimiana na kusema, "Mwadila, karibuni, leo hakuna mboga." Kengele ya mbuzi ikilia tunakimbia kuzuia wasile ugali wetu, maana mbuzi hawajui mchezo.

Sasa Konokono hakung'ata mti kwa kuzungushwa tu. Alitaka kukandamizwa. Juu ya kichwa chake paliwekwa kibao chenye kishimo, na mtu mmoja akakilalia kwa kifua huku wawili wanazungusha. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka yetu Masele, kijana mwenye shingo kama fahali. Masele akilala pale, Konokono anazama kama kwenye uji.

Lakini nataka niwaambie kuhusu kinu cha dada yangu Minza.

Minza alikuwa wa kwanza kuzaliwa na mimi, Kabula, wa mwisho. Mama yetu, Mayu Holo, alikuwa mtu wa shamba tangu alfajiri, kwa hiyo mgongo nilioujua mimi ni wa Minza. Alinibeba akitwanga, na nadhani ndiyo sababu mpaka leo nikisikia kinu usingizi unanijia. Tulilala ngozi moja. Alinichambua nywele, alinitafunia michembe migumu nikiwa sina meno, na nilipolia alinifinya kidogo ili nilie kwa sababu ya maana. Halafu wakaja watu kutoka Mkula, kule kwenye mpunga karibu na ziwa, kumposea kijana wao Maduhu. Wakaongea, wakacheka, ng'ombe wakaletwa. Ikasemwa kwamba pamba ikishauzwa, ndoa itafungwa misheni na Minza ataondoka.

Mimi nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele na sikuwa najua Mkula ni wapi. Nilimuuliza Minza kama akienda atakuwa anarudi jioni. Alinipa karanga.

Nyumbani kwetu kulikuwa na utaratibu wa baba: binti akiolewa, anaondoka na kinu kilichotobolewa na baba yake kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe. Unaingiza mkono ndani. Vidole vikigusa chini na kiwiko kikakaa sawa na mdomo, kinu ni chako. Kikiwa kirefu zaidi utakuwa unainama kuchota unga kama unatafuta sindano kisimani. Kikiwa kifupi, nafaka zitakukimbia. Na binti haondoki bila kinu. Hilo nililishika mimi kuliko mtu yeyote. Kama kinu hakijaisha, Minza haendi. Nikaanza kumwangalia Konokono kwa macho mengine kabisa.

Gogo la mkwaju lilivutwa na Bwana Shamba na Karani kutoka korongoni. Mzee Ngusa alipoliona akasimama na ng'ombe wake.

"Luhende, gogo lote hilo mpaka Mkula? Kwani Mkula hakuna miti?"

"Miti ipo," baba akasema. "Baba yake ndiye hayupo."

Ngusa akapiga ng'ombe wake fimbo ambayo hawakustahili.

Siku ya kuanza kutoboa, Masele alivua shati akasogea kwenye kibao kama kawaida yake. Baba akamwambia, "Wewe nenda kachunge. Kabula, njoo hapa." Akanibeba akaniweka juu, nikalalia kibao kwa tumbo, miguu inaning'inia. Baba akashika mpini upande mmoja, Minza akashika upande wa pili, wakaanza kuzunguka.

Ndugu zangu, nimeona mengi tangu siku hiyo. Nimeona stesheni ya treni Mwanza, nimeona askofu karibu kabisa. Lakini nikifumba macho ninachoona ni kile. Nimelala juu ya Konokono, kidevu kwenye kibao, na chini yangu dunia inazunguka. Unapita uso wa baba, jasho linateremka kwenye pua. Unapita uso wa Minza, amejifunga kitenge, ananitolea ulimi. Uso wa baba. Uso wa Minza. Chuma kinalia kri, kri, kri ndani ya mti, na mtetemo wake unaniingia tumboni kama paka anayekoroma. Harufu ya mkwaju ule, uchachu kidogo na moshi kidogo, ukichanganya na mafuta ya ng'ombe, sijaikuta tena popote.

Na kazi haikwenda. Ingeendaje? Mimi nilikuwa unyoya. Konokono alikuna mti kama mtu anayejikuna akiwa anawaza jambo jingine. Asubuhi nzima tunatoa unga wa kujaza kiganja. Mayu Holo alirudi kutoka shambani, akaweka jembe chini, akatutazama, mikono kiunoni.

"Baba Minza."

"Naam."

"Hicho ni kinu au ni kisima?"

"Ni kinu."

"Ukitaka kiishe, mweke Masele. Huyo hapo juu hata nzi ana uzito kumshinda."

"Masele ana mbuzi."

"Mbuzi wanajua njia kuliko Masele."

Baba akapaka ncha mafuta, ambayo ilikuwa imepakwa tayari. Mama akatutazama tena, mmoja mmoja, mimi juu, Minza huku, baba kule. Kisha akaingia ndani akatuletea maziwa mgando kwenye kibuyu, na hakuuliza tena. Nadhani alielewa siku hiyo. Mimi nilielewa nikiwa na binti zangu mwenyewe.

Watu wakaanza utani. Wanawake wa kisimani walisema Fundi Mashimo amezeeka, sasa anatoboa kwa ulimi. Ngusa akipita anauliza, "Mmeshaona maji?" Kutoka Mkula ukaja ujumbe wa heshima kwamba kwao vinu vipo, na kama baba amechoka wao hawatasema neno. Baba akajibu kwa heshima vilevile kwamba hajachoka.

Palikuwa na jambo jingine pia. Tulipomaliza duara, Minza alisogeza Konokono katikati kama ilivyo desturi, ili gogo liwe sega. Baba akamzuia. "Katikati paache."

"Tutatoaje sasa?"

"Kitatoka kizima."

Mkwaju ukiukata una rangi mbili. Nje ni wa manjano kama samli, ndani kabisa una kiini cheusi chenye wekundu, kigumu kuliko kitu chochote. Hicho kiini siku zote kilitobolewa, kikavunjwa, kikaenda jikoni. Safari hii baba alikiacha kimesimama katikati ya duara la matundu, kama mtu aliyezungukwa na wachezaji. Akavunja kuta kwa patasi ya mpini mrefu, taratibu, akipindisha mkono, pakabaki mfereji mwembamba kukizunguka. Masele aliona ni wazimu. "Baba, kuni hizo!" Akaambiwa akachunge.

Na kila baada ya kushuka kidogo baba alisema, "Minza, mkono wako ulete." Minza anauingiza mkono kwenye ule mfereji. Mkono wake ulikuwa mrefu, twiga tulimwita, na mimi nilishukuru Mungu kwa urefu ule. Kiwiko kikiwa bado kiko juu ya mdomo mimi nashusha pumzi. Baba anasema, "Bado." Nakimbia kwenda kucheza nikiimba.

Mpaka siku ile. Minza aliingiza mkono, na kiwiko kikakaa pale pale mdomoni, kama kifuniko kinavyokaa kwenye chungu. Alibaki ameinama, shavu karibu na mti. Baba akangoja. Halafu akasema, "Haya, ng'wana wane, mwanangu."

Alichukua makaa akayashusha kwa koleo kwenye mfereji, chini kabisa, akapuliza kwa mwanzi, ili moto ule shina la kile kiini. Moshi ukatoka duara zima. Akakwangua, akaweka tena, akapuliza tena. Kisha akagonga kiini kwa nyuma ya shoka, sote tukisikiliza. Sauti ilikuwa nzito. Akagonga tena. Ikawa nyepesi. Akakifunga kamba kichwani, akapenyeza kabari, akanipa mimi ncha ya kamba.

"Kabula, vuta."

"Mimi?"

"Jino bovu la Masele ulilitoa wewe kwa uzi, au siyo? Vuta."

Nikavuta, Minza akanishika kiuno akavuta na yeye. Kikalia pwaa! Tukaanguka chali, mimi juu ya Minza, na kile kiini juu ya miguu yetu, cheusi, chini yake kimeungua. Tukacheka mpaka tukalia, na nilipogundua nalia nikaona na yeye analia. Maana kinu kilikuwa kimeisha. Nilikuwa nimekivuta mimi mwenyewe kwa mikono yangu.

Baba alisugua shimo kwa majani ya msasa, akalipaka mafuta. Jioni moja Minza na mimi tulitwanga mtama wa kwanza ndani yake, tukipokezana michi, yeye akipunguza nguvu ili mdogo wake asipitwe. Du, du. Kile kinu kilikuwa na sauti ya chini, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta.

Aliondoka na matela. Bwana Shamba na Karani mbele, kinu kimesimama katikati kama mzee wa heshima, na nguo zake Minza alizisokomeza humo ndani. Mayu Holo alikuwa imara mpaka matela yalipopita kichuguu. Hapo akakumbuka kwamba hakumpa mwanawe chumvi, akakimbia nyuma yake na chumvi mkononi, na alipowafikia akamkumbatia Minza, hakuirudisha ile mikono upesi. Karani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakutafuta kivuli. Alikwenda tu.

Mimi nilibaki nimekaa mahali gogo lilipokuwa limefukiwa. Palikuwa na shimo la mchanga, nikakaa humo. Baba alikuja na kile kiini cheusi begani na Konokono mkononi. Hakunibembeleza. Alikisimamisha mbele yangu, akakifukia hadi kiunoni, akachora duara dogo kwa mkaa.

Safari hii alimwita Masele alalie kibao, na baba na mimi tukashika mpini. Kiini kilikuwa kigumu, Konokono alilia kama anaonewa. Tulizunguka, mimi nikitembea na machozi na makamasi, mpaka nikachoka kulia kabla sijachoka kuzunguka. Kisha baba akasimama.

"Kabula, mkono wako ulete."

Nikauingiza. Vidole viligusa chini, na kifundo cha mkono kikakaa sawa na mdomo.

"Hiki kimetoka tumboni mwa kile cha dada yako," akasema. "Mti mmoja."

Katika hicho kinu kidogo nimetwanga karanga, chumvi, dawa za watoto, na meno yangu yalipokwisha nimetwanga humo nyama ya kula. Kina ufa mmoja upande, kama mkunjo wa kipaji cha uso. Hapa Bariadi mjini kinakaa jikoni juu ya friji. Mgeni mmoja wa mjukuu wangu alidhani ni pambo.

Mjukuu wangu Shija ni seremala, kijana mzuri, ana bidii. Ana mashine ya umeme ya kutoboa. Anaiweka juu ya mti, vuuu, tundu limetoka, na yeye hajatoa hata spika masikioni. Siku moja nilikaa barazani nikimtazama. Nikamuuliza, "Shija, hiyo kazi mnafanya wangapi?" Akacheka. "Peke yangu, Bibi. Sekunde tu." Nikasema vizuri, mwanangu. Na kweli ni vizuri, mgongo wake utamshukuru.

Mwaka huu baada ya mavuno nilimwambia anipeleke Mkula. Minza hatembei tena mbali, na macho yake yana ukungu. Kinu kidogo nilikifunga kwenye kitenge, nikakipakata ndani ya basi tangu Bariadi, tukapita Dutwa, na abiria aliyekaa karibu yangu akauliza kama ni mtoto. Nikasema ndiyo, mkimya.

Minza alikuwa amekaa uani kwake, amenyoosha mguu wake mmoja mbovu. Maduhu alishatangulia miaka mingi. Kinu kikubwa kilikuwa pale pale pembeni yake, na manjano yake yamekuwa rangi ya chai.

"Mwadila, twiga," nikasema.

"Mwadila, unyoya," akasema. Hakunitazama hata usoni. Alinijua kwa sauti.

Nikamfungulia kitenge. Akakipapasa kinu kidogo, akatia kidole kwenye ufa, akakinusa. Kisha akasema tukirudishe. Shija alikinyanyua akakishusha ndani ya kile kikubwa. Nilitegemea kingebana. Hakikubana. Miaka yote hiyo ya mpunga na mtama imekula kuta za kile kikubwa, na miaka yote ya mikono yangu imekula hiki kidogo. Kilizama chini, kikagonga huku na huku, ko, ko, ko, kama mtu mfupi ndani ya koti la baba yake. Minza akacheka mpaka akashika mbavu.

"Tumelegea wote," akasema.

Akaingiza mkono humo ndani kukitafuta. Mkono wa twiga umepungua nyama, umebaki mfupa na ngozi, lakini ulishuka, ukashuka, na kiwiko kikapita mdomo kikazama, maana na chini kumechimbika. Akabaki ameinama hivyo, shavu karibu na mti. Nikasogea, nikaingiza na wangu, nikamshika vidole ubavuni mwa kile kinu kidogo.

"Kabula," akaniuliza kutoka humo, "ulikuwa unajua kwamba baba alikuweka juu makusudi?"

"Nilijua baadaye."

"Mimi nilijua palepale. Ndiyo maana na mimi nilikuwa sizungushi kwa nguvu."

Shija alikuwa amesimama, anaangalia saa kwenye simu kwa sababu ya basi la kurudi. Simlaumu. Kwake yeye tundu ni la sekunde. Letu lilichukua kiangazi karibu chote, na mimi nililala juu yake kwa tumbo, uso wa baba ukapita, uso wa Minza ukapita, uso wa baba ukapita, uso wa Minza.